Desemba Kila Nyumba ni Shule: Watoto Wetu Wanafundishwa Noeli Gani?

Wapendwa taifa la Mungu, tumeingia juma la pili la Majilio, na shule zimefungwa. Wanafunzi wa bweni wamerudi na masanduku yao ya bati, wadogo zao wamekwisha kukabidhiwa ripoti za mwaka, na mabasi ya kwenda Moshi, Bukoba, Songea na Mbeya yamejaa abiria na mizigo. Kwa majuma kadhaa yajayo hakuna kengele ya shule, hakuna mwalimu wa zamu, hakuna kipindi cha dini kwenye ratiba. Na kama ilivyo ada ya kila mwaka, baadhi ya wazazi wamefika ofisini kwetu kuuliza parokia imewaandalia nini watoto mwezi huu, kwa sababu wanasumbua nyumbani na hawana cha kufanya.

Tunawajibu hapa kwa uwazi, bila kupaka maneno asali. Parokia itatimiza wajibu wake: kwaya ya watoto itafanya mazoezi, Utoto Mtakatifu watakutana, na igizo la Noeli litachezwa kama kawaida. Lakini ombi lile, kwa jinsi linavyoletwa, lina kasoro kubwa ndani yake. Linadhani kwamba mtoto akiwa nyumbani hafundishwi kitu, na kwamba mafundisho huanza pale anapokabidhiwa kwa mtu mwingine: mwalimu, katekista, sista au padre. Sisi tunasema kinyume chake. Mwezi wa Desemba kila nyumba ni shule, iwe imejiandaa au haikujiandaa. Mtoto anafundishwa Noeli tangu asubuhi hadi usiku. Linalobaki ni kuuliza anafundishwa Noeli gani, na ni nani anayemfundisha.

Zipo familia ambazo swali hilo zimekwisha kulijibu kwa mwaka mzima. Huko Marekani, ambako kufikia mwaka 1993 majimbo yote 50 yalikuwa yameruhusu wazazi kuwasomesha watoto wao nyumbani, ziko familia nyingi za Kikatoliki zinazofanya hivyo. Katika nyumba hizo Majilio ni sehemu ya masomo: mtoto anahesabu kwa mishumaa, anasoma kwa kitabu cha Isaya, anachora nasaba ya Bwana, anaandika barua kwa jirani mgonjwa. Hatusemi kwamba mwatoe watoto shuleni. Shule zetu, na hasa zile za Kanisa, zimelibeba taifa hili mabegani. Tunasema tu kwamba wazazi wale wamekubali jambo moja ambalo wengi wetu tunalikiri kwa mdomo siku ya ubatizo wa mtoto: kwamba mwalimu wa kwanza ni wao. Sasa Desemba inatuweka sote katika hali yao, tupende tusipende.

Hebu basi tukague masomo yanayotolewa hivi sasa katika nyumba nyingi.

Somo la kwanza ni la nguo. Mtoto anafundishwa kwamba sikukuu ni nguo mpya na viatu vipya. Analifahamu somo hili barabara, kiasi kwamba asipozipata anabaki nyumbani. Wapo watoto katika vigango vyetu ambao huonekana Misani kila Dominika ya mwaka, lakini siku ya Noeli hawaonekani, kwa kuwa wanaogopa kuchekwa na wenzao. Fikirini jambo hilo. Mwana wa Mungu alizaliwa safarini, akavikwa vitambaa na kulazwa katika hori la ng'ombe kwa kukosa nafasi (Lk 2:7), na siku ya kumbukumbu ya kuzaliwa kwake maskini anaona haya kuja kumwona, kwa sababu ya gauni! Aliyemfundisha hivyo si shetani peke yake. Ni mazungumzo ya nyumbani tangu Novemba.

Somo la pili ni la Baba Krismasi. Katika joto la Dar es Salaam la mwezi Desemba, mtoto anaoneshwa mzee aliyevaa kanzu nzito ya baridi, mwenye ndevu za pamba, amesimama mlangoni mwa duka chini ya mti wa plastiki uliotandazwa pamba nyingine ya kuigiza theluji. Anaambiwa huyo ndiye mleta zawadi. Hakuna anayemsimulia kwamba nyuma ya ndevu hizo yupo mtu wa kweli, Mtakatifu Nikolasi, Askofu wa Mira katika nchi ambayo leo ni Uturuki, aliyeishi karne ya 4, ambaye mapokeo yanasimulia kwamba aliwasaidia kwa siri binti watatu wa baba fukara waliokosa mahari. Kanisa linamkumbuka tarehe 6 Desemba. Kutoka kwa askofu aliyetoa usiku ili asijulikane, tumefika kwa mchuuzi anayetoa mchana ili apigwe picha.

Somo la tatu ni la disko toto. Misa ya asubuhi haijapoa masikioni, na alasiri mtoto wa miaka saba amelipiwa kiingilio katika ukumbi wa giza, anacheza nyimbo ambazo baba yake angeona aibu kuyaeleza maneno yake mezani. Wazazi wanasema, "Waache wafurahi, ni siku yao." Na sisi tunataka wafurahi, Mungu wetu si adui wa ngoma. Lakini furaha aliyoitangaza malaika ilikuwa na sababu, nayo sababu hiyo ilikuwa Mtoto. Mtoto wenu akiulizwa leo kwa nini anafurahi siku ya Noeli, atajibu nini?

Somo la nne linauma zaidi. Katika nyumba ya Kikristo yuko dada wa kazi, msichana aliyebatizwa kama ninyi, aliyetoka mbali kuja kuwatumikia. Usiku wa mkesha familia nzima inakwenda kanisani. Yeye anabaki kuchambua mchele na kukatakata vitunguu vya pilau. Asubuhi hali ni ile ile. Watoto wanaona. Hakuna aliyewaambia kwa maneno kwamba Noeli ni ya wenye nyumba na kazi ni ya watumishi, lakini wamelisoma somo hilo jikoni, na mtihani wake watakuja kuufaulu watakapokuwa na nyumba zao. Wachungaji, yaani vibarua wa makondeni, ndio waliopewa habari kwanza usiku ule wa Betlehemu. Kwetu wanapewa habari sahani zikishaoshwa.

Na somo la tano analitoa baba anayesherehekea kuzaliwa kwa Mkombozi kwa kulewa hadi asijue njia ya kwake, mama akilipa gharama kwa machozi. Hatuhitaji kulifafanua. Watoto wa nyumba hiyo huichukia Desemba.

Wahenga wetu walisema asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu. Angalieni kwamba methali hiyo haimtaji katekista. Haikumtaja si kwa sababu hana kazi, bali kwa sababu kati ya mama na ulimwengu nafasi ni nyembamba, na mama akiiacha, ulimwengu huwahi.

Neno la Mungu liko wazi katika jambo hili. Waisraeli walipoagizwa kuadhimisha Pasaka, hawakuambiwa wawapeleke watoto kwa Haruni wakafundishwe maana yake. Sikukuu yenyewe iliwekwa nyumbani, mezani, kwa namna ambayo mtoto angeshangaa na kuuliza ibada hii maana yake ni nini, na baba aliagizwa awe na jibu (Kut 12:26-27). Kitabu cha Kumbukumbu la Torati kinawataka wazazi wayarudie maneno ya Mungu kwa watoto wao waketipo nyumbani na watembeapo njiani, walalapo na waondokapo (Kum 6:7). Naye Bwana wetu Yesu Kristo, kabla ya kufundisha makutano kwa miaka mitatu hivi, alikaa Nazareti karibu miaka 30. Huko aliwatii Yosefu na Maria (Lk 2:51), na kila mwaka wazazi wake walikwenda Yerusalemu kwa sikukuu ya Pasaka (Lk 2:41). Mungu alipotaka kujifunza kuwa mtu, alichagua nyumba.

Kanisa limeyasema hayo hayo. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika Hati juu ya Kanisa ya mwaka 1964, uliiita familia Kanisa la nyumbani. Na katika Tamko juu ya Malezi ya Kikristo la tarehe 28 Oktoba 1965 ukafundisha kwamba wazazi ndio walezi wa kwanza na walio wakuu wa watoto wao, na kwamba wakishindwa kazi hiyo ni vigumu mno kupata wa kuwaziba pengo. Sheria ya Kanisa ya mwaka 1983 inawataja wazazi mbele ya wengine wote katika wajibu wa kuwalea watoto katika imani kwa neno na kwa mfano (Kanuni 774). Nasi Waafrika tuna sababu ya ziada: Sinodi ya Maaskofu kwa ajili ya Afrika ya mwaka 1994 ilichagua kulieleza Kanisa kama Familia ya Mungu. Maaskofu wetu waliiamini familia kiasi cha kulipa Kanisa zima sura yake. Itakuwaje basi familia zenyewe zisijiamini?

Tunajua majibu mnayotupa. Tumeyasikia barazani, kwenye Jumuiya na hata kwenye kiti cha nasaha. Tuyapitie moja moja.

Mnasema, kwanza, "Sisi hatukusoma mambo ya dini, tutafundisha nini?" Tazameni historia ya jirani zetu wa Buganda. Mwaka 1882 Wamisionari wa Afrika waliondoka katika nchi hiyo wakaja kukaa kusini mwa ziwa, nao hawakurudi hadi mwaka 1885. Karibu miaka mitatu hakukuwa na padre hata mmoja. Waliobaki walikuwa walei wabichi, wengine bado wakatekumeni, ambao elimu yao ya dini isingefikia ile ya kijana wenu wa Kipaimara. Wakafundishana majumbani, usiku, kwa walichokikumbuka. Mapadre waliporudi walikuta waamini wameongezeka. Mwaka uliofuata, Mei 1886, Karoli Lwanga, mlei, ndiye aliyembatiza kijana Kizito walipokuwa wakikingojea kifo. Imani iliyofundishwa na watu wasiosoma sana ndiyo hiyo iliyoingia motoni Namugongo bila kuyumba. Ninyi mna Biblia Takatifu kabatini, kwa Kiswahili, na mwanga wa umeme wa kuisomea.

Mnasema, pili, "Mashada, mapango na miti ni mambo ya Wazungu." Mengine ni kweli. Ile pamba ya theluji ni ya kutupa, nasi hatutaililia. Lakini sikilizeni lilivyoanza shada la Majilio. Mwaka 1839, katika mji wa Hamburg nchini Ujerumani, mchungaji wa Kilutheri Johann Hinrich Wichern alikuwa akilea watoto maskini. Walipokuwa wakiuliza kila siku Noeli itafika lini, inasimuliwa kwamba alichukua gurudumu kuukuu la mkokoteni, akapanga juu yake mishumaa mikubwa kwa Dominika na midogo kwa siku za katikati, na kila siku ukawashwa mmoja. Wakatoliki wakaupokea utaratibu huo katika karne ya 20. Kwa hiyo shada halikuzaliwa katika nyumba ya tajiri, wala halikununuliwa dukani. Lilibuniwa na mlezi mmoja kwa ajili ya watoto wasio na kitu, kwa chombo kilichokwisha kutupwa, kujibu swali la mtoto.

Basi lifanyeni kwa mikono yenu. Mishumaa minne: mitatu ya urujuani, na mmoja wa rangi ya waridi kwa Dominika ya tatu, Dominika ya Furaha, mkikosa rangi, mishumaa myeupe ya dukani mkaifunge utepe. Majani yawe ya kwenu. Pwani mna mvinje. Uchagani mna isale, jani ambalo wazee hulitumia kuombea msamaha na kutafuta amani: aliyekosa hulipeleka kwa aliyemkosea. Kuna ishara gani bora ya Majilio kuliko hiyo? Mkilizungushia shada lenu majani ya isale, mtoto atauliza kwa nini, na baba atalazimika kueleza. Na pengine kabla hajamaliza kueleza atakumbuka ndugu yake wa kiambo cha pili ambaye hawajasalimiana tangu ugomvi wa shamba. Hapo Majilio yatakuwa yameingia nyumbani kweli.

Na wala msisahau kwamba Afrika si mgeni katika Injili ya Noeli. Herode alipotaka kumwangamiza Mtoto, Familia Takatifu ilikimbilia Misri. Bara hili lilimpokea Mungu akiwa mkimbizi. Waelezeni watoto hilo mbele ya ramani.

Mnasema, tatu, "Hatuna fedha." Hapa ndipo tunapowashangaa zaidi, maana katika Noeli jambo lenye thamani kubwa halikugharimu kitu. Mwaka 1223, kule Greccio nchini Italia, Mtakatifu Fransisko wa Asizi alitaka kuona kwa macho ya mwili taabu aliyoipata Mtoto Yesu kwa kukosa mahitaji ya kitoto. Kama anavyosimulia Tomaso wa Celano, hakuagiza sanamu. Aliomba hori, nyasi kavu, ng'ombe na punda. Wanakijiji wakaja usiku na mienge yao, Misa ikaadhimishwa juu ya hori, na Fransisko, aliyekuwa shemasi, akaimba Injili na kuhubiri. Miaka karibu 800 baadaye, tarehe 1 Desemba 2019, hayati Baba Mtakatifu Fransisko alikwenda Greccio kutia sahihi barua yake juu ya maana ya pango la Noeli, akizitia moyo familia ziendelee kuliandaa pango nyumbani katika siku zinazotangulia sikukuu, na akikumbusha kwamba utamaduni huo watoto huupokea kwa wazazi na kwa babu na bibi zao.

Nani kati yetu amekosa nyasi kavu? Udongo wa mfinyanzi upo mtoni. Magunzi ya mahindi yapo, majani ya migomba yapo, boksi la sabuni lipo. Watoto wafinyange wenyewe. Ng'ombe wao atakuwa na nundu, na mchungaji wao atavaa lubega, vyema kabisa. Waulizeni ng'ombe na punda wametoka wapi, maana Luka hawataji. Mkubwa wa nyumba atafute Isaya 1:3, naye atagundua kwamba wanyama wanamjua bwana wao wakati watu hawamjui. Hori liachwe tupu mpaka usiku wa tarehe 24. Kila mtoto atakapotenda jema kwa siri, kama Mtakatifu Nikolasi, aweke ndani yake unyasi mmoja, ili Mtoto akija akute mahali pa kulala. Mtoto anayefanya hivyo kwa majuma matatu hatahitaji kuambiwa Noeli ni ya nani.

Mnasema, nne, "Hatuna muda." Kwa baadhi yenu neno hili tunalipokea kwa heshima. Tunamjua mama lishe anayefunga jiko saa tatu usiku, muuguzi aliyepangiwa zamu tarehe 25, fundi cherehani ambaye Desemba haoni usingizi, bibi anayelea wajukuu sita yatima kwa jembe. Hao hatuwatwiki mzigo mwingine. Waweke tu kidole gumba juu ya paji la uso wa mtoto kila usiku, wamfanyie ishara ya msalaba na kusema, Mungu akubariki. Nao watakuwa wamefundisha teolojia ya kutosha. Na majirani zao katika Jumuiya Ndogo Ndogo ya Kikristo wawachukue watoto hao wakae nao kwenye shada lao.

Lakini wengine mnatuambia hamna muda, na sisi tunajua mmelipia tuisheni ya likizo, ya hisabati na ya Kiingereza, siku tano kwa juma, na mtoto anapelekwa na kurudishwa kwa wakati. Hatuwalaumu kwa hisabati. Tunauliza tu: mtoto mwenye muda wa milinganyo saa mbili kila siku, atakosa dakika tano za kumjua Mungu wake? Tamthilia ya runinga haikosi saa yake. Simu ya kiganjani haikosi saa yake. Muda upo, wapendwa. Umegawanywa tu, na Bwana amepangiwa mabaki.

Dakika tano zinatosha kwa jambo kubwa. Tangu tarehe 17 hadi 23 Desemba, katika Masifu ya Jioni, Kanisa humwita Masiha kwa majina saba ya kale, jina moja kila jioni: Hekima, Adonai, Shina la Yese, Ufunguo wa Daudi, Mawio ya Jua, Mfalme wa Mataifa, Emanueli. Kila jioni andikeni jina moja kwa Kilatini kwenye karatasi na kulibandika ukutani: Sapientia, Adonai, Radix, Clavis, Oriens, Rex, Emmanuel. Usiku wa saba waambieni watoto wasome herufi za kwanza kuanzia mwisho kurudi mwanzo. Watapata maneno mawili, ERO CRAS, yaani kesho nitakuwapo. Tunawahakikishia kwamba usiku huo hakuna atakayeomba runinga.

Nanyi mnaosafiri kwenda kijijini, safari yenyewe ni darasa. Nabii Isaya alitabiri chipukizi litakalotoka katika shina la Yese (Isa 11:1), na Mathayo ameifungua Injili yake kwa orodha ya wazee wa Yesu, vizazi 14 mara tatu. Wengi huiruka orodha hiyo kwa kuiona inachosha. Sisi watu wa koo tusiiruke! Chukueni tawi kavu, lisimamisheni kwenye kopo la mchanga, na kila siku mtundike alama moja: safina ya Nuhu, nyota za Abrahamu, ngazi ya Yakobo, kanzu ya Yosefu, mbao za Musa, kinubi cha Daudi. Mkifika kwa babu, mwombeni naye awatajie watoto ukoo wao mpaka pale kumbukumbu yake inapoishia. Kisha waoneshe kwamba katika ukoo wa Yesu wamo Tamari, Rahabu, Ruthu na mke wa Uria, wanawake ambao wengine wangefichwa katika historia za familia nyingi. Mungu hakuwaficha. Mtoto aliyezaliwa nje ya ndoa, ambaye kila Desemba anaketi pembeni katika mkutano wa ukoo, anahitaji sana kulisikia somo hilo, na shangazi zake wanalihitaji zaidi.

Jambo la mwisho ni la siku zinazofuata. Kwa wengi Noeli hufa jioni ya tarehe 25 pamoja na mabaki ya pilau. Kanisa ndiyo kwanza linaanza. Tarehe 26 tunamkumbuka Mtakatifu Stefano, 27 Mtakatifu Yohane Mtume, 28 Watoto Mashahidi, ambapo ni vyema baba na mama wawabariki watoto wao na kuwaombea wale wanaouawa kabla au baada ya kuzaliwa. Ndani ya oktava ipo Sikukuu ya Familia Takatifu. Tarehe 1 Januari ni ya Bikira Maria Mama wa Mungu. Kisha Epifania, na nyumba nyingi duniani huandika kwa chaki iliyobarikiwa juu ya mlango tarakimu za mwaka pamoja na herufi C, M na B: kwa desturi ni majina ya mamajusi, Kaspari, Melkiori na Balthazari, na pia ni kifupi cha maneno ya Kilatini ya kumwomba Kristo aibariki nyumba hii. Leteni chaki zenu tuzibariki. Kipande cha chaki kinagharimu kidogo kuliko soda, na mtoto atakayekwenda shuleni Januari akipita chini ya maandishi hayo atajua nyumba yake ni ya nani.

Tunawaomba basi kila nyumba ifanye mambo matatu kabla ya mkesha. Hori liwepo, hata la boksi. Dada wa kazi apangiwe Misa yake, ya mkesha au ya asubuhi, na baba mwenye nyumba aingie jikoni kama ni lazima. Na mtoto asiye na nguo mpya aletwe kanisani kwa nguo aliyo nayo. Tutamketisha mbele kabisa, karibu na pango, pamoja na wale wanaofanana zaidi na Mwenye sikukuu.

Waalimu watawapokea tena watoto wenu Januari, na watauliza walifanya nini likizo. Mwenyezi Mungu naye atawauliza ninyi. Awajalie neema ya kuwa na jibu, kwa maombezi ya Mtakatifu Yosefu na Bikira Maria, waliomlea Mwanawe katika nyumba ndogo ya Nazareti.